Cheni ya baiskeli na baridi ya Nyeri: Ukiidharau, itakuacha mlimani

KAMA unaishi Nyeri, huhitaji kalenda kujua kwamba Julai imefika. Asubuhi unafungua mlango na huoni lango la jirani. Ukungu umelala juu ya mashamba ya kahawa, manyunyu yanadondoka bila haraka, na Mlima Kenya unaweza kujificha wiki nzima. Wazee huuita msimu huu gathano. Sisi vijana tunauita msimu wa jaketi mbili.

Ni katika msimu huu, mwaka jana, ambapo baiskeli yangu ilinifunza adabu.

Mimi huuza mayai. Kuku ni wa shosho, huko Ruring'u, na kazi yangu ni kuyafikisha mayai kwenye vibanda vya mjini kabla ya saa moja na nusu asubuhi, wakati watu wanaanza kutafuta chai, chapati na yai la kuchemsha. Nikitumia boda kila siku, faida yote inaishia kwa nauli. Kwa hivyo natumia baiskeli. Trei tatu zikifungwa vizuri nyuma kwa mpira, hayo ni mayai 90 kwa safari moja.

Siku hiyo nilikuwa nimechelewa. Nikipanda mlima kuelekea mjini, nikiwa nimesimama juu ya pedali kwa uzito wote, nikasikia "tak!" Mguu ukaenda chini bila kukutana na chochote. Goti likagonga usukani, baiskeli ikalala, trei zikatangulia barabarani. Dereva wa matatu aliyekuwa nyuma yangu alishika breki kwa wakati. Angekuwa kwa simu, singekuwa hapa nikiandika.

Mayai yaliyopona yalikuwa 22. Mama wa kibanda anayechukua trei mbili kila siku alinisubiri hadi saa mbili, kisha akanunua kwa mtu mwingine. Ilinichukua karibu mwezi mzima kumrudisha.

Nilipoiokota ile cheni, ilikuwa nyekundu kwa kutu na kavu kama kuni. Kusema kweli, sikuwa nimeigusa tangu Aprili. Nilikuwa napaka baiskeli rangi, nanunua stika, naosha fremu ing'are kwa sababu ya picha, lakini kile kitu kinachobeba nguvu zangu zote nilikuwa nimekisahau.

Baridi si adui, maji ndiyo adui

Watu wengi hudhani baridi yenyewe ndiyo huharibu baiskeli. Hapana. Asubuhi za Julai hapa kwetu joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na chuma hakisumbuliwi na hilo hata kidogo. Tatizo ni kwamba hakuna kitu kinachokauka.

Kutu inahitaji vitu vitatu pekee: chuma, maji na hewa. Mwezi wa Januari ukinyeshewa, jua linatoka na baada ya saa chache cheni imekauka. Julai hakuna jua la kutegemea. Baiskeli inalala na maji, inaamka na umande, inaenda kazini kwa manyunyu, inarudi kulala na maji tena. Siku tatu za namna hiyo zinatosha kuipa cheni isiyo na mafuta rangi ya kutu.

Fremu ina rangi ya kuilinda. Cheni haina. Jaketi yake ya pekee ni ule utando mwembamba wa mafuta, na maji ya mvua yakipita mara kadhaa, jaketi hiyo inavuliwa polepole.

Halafu kuna udongo wetu mwekundu. Ni mzuri kwa chai na kahawa, lakini kwa cheni ni balaa. Punje zake ni ndogo sana na zinaganda. Zikichanganyika na mafuta yaliyopakwa kupita kiasi, zinatengeneza uji mzito unaofanya kazi ya msasa. Kila ukikanyaga pedali, unajisagia cheni mwenyewe.

Ndani ya cheni kuna nini?

Ukiitazama kwa haraka, cheni ni kama kamba ya chuma. Lakini ikague vizuri. Ile ya baiskeli ya kawaida ina viungo takriban 110. Kila kiungo kina pini katikati, bati pande zote mbili, na kijiviringo kidogo kinachozunguka pini, yaani rola. Rola ndiyo inayokaa kati ya meno.

Muundo huu si wa jana. Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, ndiye aliyeubuni mwaka 1880. Zaidi ya miaka 140 baadaye, Blackmamba ya mzee wako, iwe ni Phoenix ya China au Hero ya India, bado inatumia wazo lilelile.

Umbali kati ya pini moja na inayofuata ni nusu inchi. Kumbuka nambari hiyo, nitairudia.

Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba chuma kimenyooka kama mpira. Sivyo inavyokuwa. Kinacholika ni pini na sehemu inayozungukia pini hiyo, huko ndani ambako macho hayafiki. Kila kiungo kikilegea kwa unywele mmoja tu, zidisha mara 110 na utapata cheni ndefu kuliko ilivyozaliwa. Ndiyo maana mafuta yanayobaki nje ya cheni ni kama mafuta ya kujipaka tu. Yanang'ara, lakini kazi iko ndani.

Kosa langu la pili

Baada ya ile ajali nilienda mjini nikanunua cheni mpya, nikaifunga mwenyewe kwa msaada wa video, nikajiona fundi. Kesho yake kwenye mlima uleule, cheni ikaanza kuruka. Krak, krak, kila nikiweka nguvu. Mpya kabisa!

Nikaipeleka baiskeli kwa fundi mmoja mzee anayefanyia kazi chini ya mwavuli, mtu ambaye amekuwa akitengeneza baiskeli tangu kabla nizaliwe. Nilianza kulalamika kwamba nimeuziwa cheni feki.

"Guka, hii cheni ni ya jana tu," nikamwambia.

Hakujibu. Alizungusha pedali polepole, akanyoosha kidole kwenye meno ya nyuma. "Kijana, haya meno unayaona aje?"

Nilipoyaangalia vizuri nikaona yamechongoka na kuinama upande mmoja, kama mapezi ya papa. Meno mazuri huwa na pande mbili zinazofanana. Cheni yangu ya zamani ilipokuwa ikirefuka, ilikuwa ikiyachonga meno yafanane nayo. Sasa nimeleta cheni yenye vipimo sahihi kwa meno yaliyoharibika, haziwezi kuelewana.

Ikabidi ninunue meno ya nyuma, na ya mbele pia. Hapo ndipo nilipojua hesabu ya mchezo huu. Cheni ndiyo kitu cha bei nafuu katika familia hiyo. Ukiibadilisha mapema, inaokoa meno. Ukiingoja ikatike, unanunua ukoo mzima.

Kipimo cha rula ya shule

Mafundi wa baiskeli za mashindano wana kifaa maalum cha kupima cheni. Wewe una rula ya shule ya sentimita 30, ile ambayo upande wa pili ina inchi 12. Inatosha.

Cheni ikiwa imekazwa, weka sufuri ya rula katikati ya pini yoyote. Kwa kuwa kila hatua ni nusu inchi, hatua 24 zinapaswa kuishia inchi 12 kamili. Pini ya mwisho ikiwa imekaa pale pale kwenye 12, cheni bado ni nzima. Ikiwa imepita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, anza kutafuta pesa za cheni nyingine. Kwa baiskeli yenye gia nyingi, badilisha sasa hivi. Ikiwa imepita kwa moja ya nane ya inchi, usishangae ukiambiwa na meno pia yameenda.

Kipimo hiki ni cha dakika moja. Kifanye mara moja kwa mwezi, na kila baada ya msimu wa mvua.

Kuosha bila kuharibu

Hatua ya kwanza ni ya kila siku na haigharimu kitu. Ukifika nyumbani umenyeshewa, pangusa cheni kwa tambara kavu kabla ya kuingia ndani. Shika cheni kwa tambara upande wa chini, mbali na meno, uzungushe pedali kinyumenyume mara kama 20. Usiweke vidole karibu na meno hata kidogo, yanakata bila huruma. Sekunde 60, umemaliza. Kisha iweke baiskeli mahali pasipo mvua, hata kama ni chini ya paa la zizi.

Kwa msimu wa mvua, fanya usafi wa kweli kila wiki au kila wiki mbili, kulingana na njia zako. Chukua mafuta ya taa kidogo kwenye mkebe, mswaki mzee na tambara. Fanyia nje, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara. Petroli usiiguse, mvuke wake unashika moto haraka mno. Sugua cheni pande zote nne, juu, chini na ubavuni, ukizungusha pedali kinyumenyume. Sugua pia meno ya mbele na ya nyuma, maana hayo ndiyo ghala la uchafu.

Ukimaliza, osha kwa maji ya sabuni, suuza, kisha pangusa na uiache ikauke. Usiruke hatua hii. Mafuta ya taa yakibaki ndani yatayeyusha mafuta mapya utakayoweka, na maji yakibaki ndani utakuwa umeifungia kutu chumbani.

Usipeleke baiskeli kwa mashine ya kuosha magari ukaielekeza kwenye cheni na ekseli. Yale maji ya presha yanasukuma mchanga hadi ndani na kutoa grisi kwenye mipira ya chuma inayozungusha magurudumu.

Na yale mafuta ya taa machafu usiyamwage mtaroni. Mitaro ya huku hufuata mteremko hadi kwenye mito, na kuna watu wanaotumia maji hayo. Yaache yatulie kwenye chupa, uchafu utashuka chini, na yale ya juu utayatumia tena wiki ijayo.

Mafuta gani?

Hapa ndipo kila mtu ana imani yake. Tuzipitie.

Oili chafu, ile iliyotolewa kwenye injini ya gari, ndiyo maarufu zaidi kwa sababu ni ya bure. Lakini imetolewa kwa gari kwa sababu gani? Imejaa vumbi la chuma na masizi ya injini. Unaweka uchafu ili upunguze uchafu. Zaidi ya hayo si nzuri kwa ngozi yako, na utaishika kila siku.

Mafuta ya kupikia yanafanya kazi siku moja, kisha yanaganda na kunata kama gundi. Grisi ni nzuri kwa ekseli, lakini kwa cheni inabaki nje, haiingii kwenye pini, na inakusanya udongo wote wa kaunti. Ile dawa ya kupuliza ya WD-40 ya kawaida inafukuza maji na kulegeza kutu vizuri, ila haidumu kama kilainishi. Ukiitumia, pangusa, kisha weka mafuta halisi. Mafuta ya cherehani ni safi lakini mepesi sana, mvua moja ya Othaya inayaondoa.

Kwa msimu wa mvua na ukungu, tafuta mafuta mazito kiasi. Kama unaweza kupata yale maalum ya baiskeli ya hali ya mvua, vizuri. Kama huwezi, oili mpya ya injini inatosha kabisa. Nunua chupa ndogo, na kwa cheni moja itakaa sana.

Siri iko kwenye namna ya kuweka. Tone moja juu ya kila rola, upande wa ndani wa cheni, ule unaogusa meno. Anza na kile kiungo cha kufungulia ili ujue umezunguka vyote. Zungusha pedali dakika moja mafuta yazame. Halafu chukua tambara, pangusa nje yote hadi ionekane kama hujaweka kitu. Watu wengi hukataa hapa, wanaona wanapoteza mafuta. Lakini mafuta yaliyozama ndiyo yanayofanya kazi. Yaliyobaki nje yanaita udongo.

Kama unaweza, weka mafuta jioni. Yatazama usiku ukilala.

Kila mji na hali yake

Ushauri wa Nyeri hauwezi kubebwa mzimamzima hadi Nanyuki. Mlima umegawanya mvua bila usawa. Embu, Chuka na Meru, walio upande wa kusini na mashariki, hupata mvua nyingi, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Nanyuki iko upande mkavu zaidi. Huko shida kubwa ni vumbi, na mafuta mazito yataligeuza kuwa msasa niliosema. Tumia mafuta mepesi, kidogo, na pangusa mara kwa mara. Wengine huyeyusha nta ya mshumaa kwenye mkebe uliowekwa ndani ya maji moto, wakatumbukiza cheni safi iliyofunguliwa, kisha wakaiacha ipoe. Nta haishiki vumbi kirahisi. Ila mvua ikianza, haiilindi cheni vizuri dhidi ya kutu.

Kama njia yako ni lami tupu kutoka Chaka hadi Kiganjo, cheni itakaa safi kwa muda mrefu kuliko ya mtu anayepita barabara za udongo za Mukurwe-ini au Tetu. Usifuate siku za kalenda pekee, fuata sauti. Cheni yenye afya haiongei. Ukisikia inalia kama panya, ina kiu. Ukisikia inasaga, ina mchanga.

Na tushukuru Mungu kwa jambo moja. Ndugu zetu wanaoendesha baiskeli Ulaya au Canada wakati wa theluji wana tatizo ambalo sisi hatuna. Huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi huongeza kasi ya kutu vibaya sana. Hata wenzetu wa Mombasa na Lamu wanaijua shughuli hiyo kwa sababu ya upepo wa bahari. Sisi wa mlimani maji yetu ni matamu. Hatuna kisingizio.

Mambo madogo yanayookoa maisha

Kama baiskeli yako haina gia, hakikisha cheni imekazwa inavyofaa. Iguse katikati, kati ya meno ya mbele na ya nyuma. Inapaswa kucheza juu na chini kwa sentimita moja au mbili. Ikilegea zaidi inaweza kutoka kwenye mteremko, na kama breki yako ni ile ya kukanyaga nyuma, umebaki bila breki. Ikikazwa sana inachosha miguu na kula ekseli.

Kagua klipu ya kiungo cha kufungulia. Upande wake uliozibika unapaswa kuelekea mbele, cheni ikiwa upande wa juu. Ukiufunga kinyume, kitu chochote kikiigusa kinaweza kuifungua. Mimi sasa hubeba kiungo kimoja cha ziada kwenye mfuko wa jaketi. Ni kidogo kuliko kifungo cha shati.

Na ile kava ya cheni ambayo vijana hung'oa kwa sababu eti inafanya baiskeli ionekane ya kizee? Iache. Wazee hawakuwa wajinga. Inazuia matope, na inazuia suruali yako kumezwa. Kama inapiga kelele, ikunje kidogo au kaza skrubu zake.

Julai imerudi

Leo asubuhi kulikuwa na ukungu kama kawaida. Shosho alikuwa ameshapanga trei tatu mlangoni. Nilipima cheni Jumapili: inchi 12 kamili, miezi 11 tangu inunuliwe. Ile ya kwanza haikufika hata nusu ya muda huo.

Nilipofika ule mlima, nilisimama juu ya pedali kama siku ile. Sikusikia kitu, isipokuwa pumzi zangu na matone ya maji kutoka kwenye miti. Saa moja na dakika kumi nilikuwa kibandani. Mama alihesabu mayai, akanilipa, akaongeza chai bila kuitisha pesa.

"Leo umewahi," akasema.

Nilimwambia ni cheni, mathe. Akanitazama kama mtu asiyeelewa, akageuka kukaanga mayai. Mimi nikanywa chai haraka, nikatoa tambara mfukoni, nikatoka nje kuipangusa kabla ya safari ya kurudi.